Ubao wa Fainali Niliouanika Juani

Kuanika nguo juani ni akili. Kuanika samaki juani ni riziki. Kuanika ubao wa keram juani, tena siku ya fainali ya taifa, hiyo ni kazi yangu mimi Selemani, na mpaka leo nikiikumbuka naachama mdomo kama mtu aliyeona ng'ombe juu ya paa.

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie siri za kazi. Siri hakuna. Kuna makosa, na mengi ninayo mimi. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe mwalimu alinitoa haraka kwa sababu darasa zima lilikuwa linanitazama mimi badala ya ubao wake. Kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Tuanze na gololi. Kila fundi wa keram awe na gololi moja mfukoni, ya kioo, isiyo na kovu. Ubao wa keram, ule wa mraba wenye shimo kila pembe la kutumbukizia kete, si meza. Meza ikipinda kidogo chai inanyweka vilevile. Ubao ukipinda unene wa ukucha, kete inakwenda inakotaka yenyewe, na mchezaji atakutukania wazazi. Weka gololi katikati, kisha karibu na pembe zote nne. Ikitulia, mshukuru Mungu. Ikitembea, usibishane nayo. Jicho la fundi linadanganya, hasa fundi akiwa ana haraka ya kwenda kula. Gololi haijui njaa.

La pili ni poda. Kete hazitelezi bila poda, hilo mnalijua. Sasa ulifika wakati poda madukani hakuna, hata ya watoto. Mimi nikajiona mjanja, nikachukua wanga wa muhogo, mweupe, laini, nikaunyunyiza juu ya ubao wa mzee mmoja wa Miono. Siku ya kwanza kete zilikimbia mpaka akanisifu. Baada ya siku tatu nikamwona anakuja, kafunga ubao nyuma ya baiskeli, jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hebu nieleze. Uliniuzia ubao au uji?"

Unyevu ulikuwa umeingia kwenye wanga, kete zimeganda, na sisimizi wamekuja na ukoo wao wote. Nilisugua ubao ule kwa majani ya msasa mpaka viganja vikang'aa. Lakini hilo ni kosa la kucheka. Linalofuata sikulicheka kwa miaka mingi.

Fundi wangu aliitwa Mwinyikombo, mtu wa mji wa zamani hapa hapa Bagamoyo. Alikuwa mwembamba na msafi, anapasua mbao na kanzu yake haipati vumbi. Sijui alifanyaje, na nilimchunguza sana. Hakuwa msemaji. Mimi nilisema kwa niaba yetu wote wawili, nikabakiza na akiba ya jirani. Ubao wake ulikuwa na sifa mpaka Pangani. Miaka ile ya mwanzo ya sabini, mashindano ya taifa ya keram ya wanaume yalipoletwa Bagamoyo, wakubwa wa kamati wakamwambia atengeneze ubao wa fainali. Wakaongeza neno: ubao huo ukisifiwa, karakana yake ndiyo itakayotengeneza mbao za vilabu vya mikoa yote. Fundi alijibu, "Inshallah." Lakini jioni ile nilimkuta anaipima karakana kwa hatua, ukuta mpaka ukuta, anatafuta pa kuweka meza nyingine nne. Nikajua moyo wake umeshatoka nje ya kifua.

Kulikuwa na desturi moja. Ubao wa fainali lazima uwe mpya, na mchezaji yeyote haugusi mpaka saa ya mchezo. Sababu ni rahisi: kila ubao una tabia yake, na aliyeujaribu mapema ameshaongea nao. Fundi huufunika shuka nyeupe, huuleta ukumbini mwenyewe, na mbele ya watu wote mwamuzi humwuliza, "Fundi, ubao wako?" Fundi hujibu maneno mawili: "Umenyooka. Haujaguswa." Basi. Hakuna anayepima tena. Neno la fundi ndilo lililokuwa kipimo.

Mchezaji wetu wa fainali alikuwa Mshamu, rika langu, mtengeneza nyavu wa Mbegani. Ukimpa Mshamu fundo lolote atalifungua huku anakusimulia habari nyingine. Vidole vile vilipohamia kwenye keram, tukaanza kumsikia huko Dar. Alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunataniana mpaka watu wanadhani tumegombana. Na alilitaka taji lile vibaya. Aliniambia, "Sele, mimi nikishinda, hata mama yangu ataniamkia." Nikamwambia mama yake hawezi, labda mbuzi wa mama yake.

Sasa ikaja asubuhi ya siku yenyewe. Mvua ilikuwa imepiga siku nne mfululizo, na vanishi ya ubao ilikuwa bado inanata. Fundi akawa anakwenda ukumbini kusimamisha meza kwa pima maji. Akaniambia mlangoni:

"Dirisha wazi, mlango wazi, upepo upite. Usiutoe nje."

"Sawa, fundi."

"Vanishi inakaushwa na upepo, Selemani. Jua linaiudhi tu."

"Sawa, fundi."

"Nimesema usiutoe."

"Fundi, nimesikia mpaka kwa sikio la mwenzangu."

Akaondoka. Na mimi wallahi nilikuwa na nia ya kumtii. Lakini jua likachomoza. Siku nne hatujaliona, likaja limenawa uso, limekaa pale uchochoroni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Basi la wachezaji wa Tanga lilikuwa limeshafika stendi na nilitaka kwenda kuwatania. Nikapiga hesabu yangu ya la saba: upepo utakausha kwa saa tano, jua kwa saa moja. Nikautoa ubao, nikaulaza uchochoroni juu ya stuli mbili, uso juu. Mbele yake, upande wa pili, palikuwa na kinyozi. Nikajisemea, nani ataiba ubao mbele ya mtu mwenye wembe?

Nikaenda stendi. Nikawaambia watu wa Tanga kwamba huku kwetu mshindwa hulazwa na punda zizini. Nikanywa chai, nikala vitumbua, nikaongeza vitumbua. Saa moja ikawa mbili na zaidi.

Niliporudi, ubao unang'aa kama kioo, vanishi kavu kabisa. Nikafurahi. Juu yake kulikuwa na vinywele vifupi vitatu vinne. Nikatazama kwa kinyozi, nikalaumu upepo, nikavipuliza. Kisha nikaweka gololi pembeni.

Ikatembea. Polepole, bila haraka, ikaenda mpaka katikati, ikakaa. Nikaiweka pembe nyingine. Ikaenda katikati. Pembe zote nne, gololi inarudi katikati kama mtoto kwa mama yake. Jua lilikuwa limekausha uso wa juu, uso wa chini bado una unyevu wa mvua, ubao ukaingia tumbo kama sinia. Vijana, nilisimama pale nikasahau jina langu.

Nikauingiza ndani. Nikaufunika shuka. Sikujua nifanye nini, nikakaa pembeni yake kama niko msibani. Mara Fundi huyo mlangoni na watu wawili wa kubeba.

"Umekauka?"

"Umekauka, fundi."

"Umeujaribu kwa gololi?"

"Nimeujaribu."

"Ikatulia?"

"Ikatulia."

Sikumwambia ilitulia wapi. Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa mtu mmoja tu, na mlango ulikuwa unafungika. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona amevaa kanzu mpya.

Ukumbini watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Mwamuzi alitoka Dar es Salaam, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni na uso wa mtu asiyecheka hata akitekenywa. Akauliza, "Fundi, ubao wako?"

Fundi Mwinyikombo akaweka mkono kifuani. "Umenyooka. Haujaguswa."

Nikajua kwamba neno moja kati ya yale mawili ni uongo, na kwamba mwenye kusema hajui.

Mpinzani alikuwa bwana wa makamo kutoka Tanga, jina lake Hiza, mtu wa mashine za katani, amekosa ncha ya kidole kimoja lakini tisa na nusu vilivyobaki vilimtosha. Mshamu akaingia amevaa kofia ya kiua, ameishusha mpaka masikioni. Nikamtania, "Vipi, masikio yanasikia baridi?" Hakunijibu. Mshamu asiyejibu utani, si kawaida. Nikadhani ni woga wa fainali.

Ilikuwa michezo mitatu, mshindi wa miwili ndiye bingwa. Mchezo wa kwanza, Hiza akapiga kete iliyokaa karibu na shimo, kete ambayo bibi yangu angeiingiza kwa pua. Ikajikunja ikaelekea katikati. Ukumbi ukaguna. Akapiga ya pili kwa uangalifu. Ikajikunja. Akaitazama ncha ya kidole chake kana kwamba kimemsaliti. Mshamu yeye akawa anapiga nje kidogo ya shimo, nje kabisa mtu unaona amekosa, halafu kete inapinda yenyewe inaingia. Moja, mbili, tatu, kisha ile nyekundu, malkia mwenyewe. Watu wa Bagamoyo wakashikwa na wazimu. Mimi nikajisemea, loo, huyu rafiki yangu ni fundi wa dunia, ameusoma ubao kwa kupiga mara moja tu.

Akashinda. Katika kushangilia mtu akampiga kibao cha pongezi kisogoni, kofia ikaanguka.

Kichwa cha Mshamu kilikuwa kimenyolewa nusu. Kulia kipara kinawaka, kushoto msitu.

Upande wa Tanga mtu mmoja akasema, "Mnaona? Mnaona? Hii si keram, hii ni kazi ya mganga."

"Ni mtindo," Mshamu akasema, akaokota kofia.

"Mtindo wa wapi?"

"Wa kwetu Mbegani."

Watu wa Mbegani waliokuwepo wakatazamana.

Wakati huo mvua ikarudi, ya mawe na upepo. Wakafunga madirisha yote. Watu mia na kitu ndani, nguo mbichi, pumzi, jasho, mvuke unapanda mpaka darini. Mchezo wa pili ukaanza, na jambo likabadilika. Mshamu anapiga nje kidogo ya shimo kama mwanzo, kete inakwenda huko huko nje. Anakosa. Anapiga tena, anakosa. Hiza sasa anaingiza. Mshamu akaanza kuutazama ubao kwa hofu, kama mtu aliyeoa akafunua shela akakuta shemeji. Akashindwa mchezo wa pili. Sasa kila mmoja ana mchezo mmoja.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Fundi. Nilimwona ameshika mikono nyuma, vidole vinacheza. Alikuwa ameona kete zinavyokwenda, na hakuelewa, na hakuuliza, kwa sababu alishaweka mkono kifuani mbele ya watu. Nikaona nikinyamaza tena nitanyamaza maisha. Nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele ya mwamuzi.

"Shikamoo bwana mwamuzi. Ubao umepinda. Niliuanika juani asubuhi, mimi mwenyewe, fundi hajui. Umeingia tumbo."

Nilisikia mvua kila tone na jina lake. Nikamwona Mshamu ananitazama, na macho yake hayakuwa ya rafiki.

Mwamuzi akasema, "Lete gololi."

Nikatoa mfukoni. Akaiweka pembe ya kwanza. Ikatulia. Pembe ya pili. Ikatulia. Ya tatu, ya nne. Gololi imekaa kama iko kwenye swala.

Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikaichukua nikaiweka mwenyewe. Ikatulia.

"Kijana," mwamuzi akasema, "mtu wenu kashindwa mchezo mmoja sasa hivi, na wewe unakuja kuvunja fainali. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Wametumwa wote hawa," mtu wa Tanga akapaza sauti. "Mmoja kichwa nusu, mwingine akili nusu."

Watu wakacheka kicheko kibaya. Mwamuzi akashika kalamu, akasema ataandika kwamba upande wa Bagamoyo umevuruga mchezo, na ushindi uende Tanga. Vijana, nilisema ukweli mara moja tu siku ile, na ndio uliotugharimu.

Fundi akasogea. Akaupapasa ubao kwa kiganja, huku amefumba macho, akanusa vanishi. Akasema taratibu:

"Anasema kweli. Jua liliukausha juu. Pumzi zenu na mvua hii zimeurudishia maji. Mchezo wa kwanza ulikuwa sinia, wa pili ulikuwa unarudi, sasa umenyooka. Nilisema umenyooka, haukuwa umenyooka. Karakana ni yangu, kosa ni langu."

Nilitamani anipige. Angenipiga ningepona.

Mwamuzi hakuridhika. Aliyemaliza mambo ni Hiza mwenyewe, aliyekuwa na ushindi mkononi. Akainua kile kidole kifupi.

"Bwana mwamuzi, mchezo wa kwanza kete zangu nne zilikata kona zenyewe. Nilidhani nimerogwa na nusu kichwa. Kumbe ubao. Futa wa kwanza, aliupata kwa ubao. Futa na wa pili, na mimi niliupata kwa ubao. Tucheze mmoja."

Ikawa hivyo. Mchezo mmoja, juu ya ubao ulionyooka kama neno la Fundi lilivyotakiwa kuwa. Walikwenda bega kwa bega mpaka kila mmoja akabakiwa na kete moja, na zamu ni ya Mshamu. Kete imekaa wazi, shimo liko wazi. Sote tulishusha pumzi. Akapiga. Akapiga nje kidogo ya shimo, akilingojea tumbo lisilokuwepo tena. Kete ikagonga ukingo, ikarudi uwanjani. Hiza akamaliza yake kwa upole, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Kwa desturi mshindi huondoka na ubao. Hiza aliubeba mwenyewe mpaka kwenye basi. Kazi ya mbao za mikoa ikapewa karakana ya mji mwingine, na Fundi hakuniambia neno, ila kwa miezi mitatu hakuniruhusu nishike brashi ya vanishi. Randa tu. Nilipomwomba msamaha alisema, "Ulichelewa kusema, lakini ulisema. Randa upande ule." Meza zile nne hazikuwekwa kamwe. Mimi nilipoirithi karakana baadaye, nafasi yake bado ilikuwa tupu.

Mshamu alikata mguu kwangu. Tukikutana sokoni anageuka kuangalia nyanya, hata pasipokuwa na nyanya. Mji mzima uliniambia nimemwibia rafiki yangu taji, na mimi niliamini. Kila mteja, miaka yote, kabla hajashika ubao ananiuliza, "Hujauanika?" Nacheka nao, kwa sababu kicheko ni bora kuliko kueleza.

Sasa sikilizeni. Juzi juzi, nimeshastaafu, wajukuu wa Mshamu wakaja kuniomba niwatengenezee ubao. Nikasema nitatengeneza mmoja wa mwisho. Nikaupeleka mwenyewe Mbegani. Mshamu amekaa kibarazani, kipara kizima safari hii, pande zote mbili.

"Umezeeka, Sele."

"Na wewe umemaliza kunyoa."

Nilidhani atacheka. Akawaambia wajukuu watupishe. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Siku ile nilikuwa kwa kinyozi. Nimeketi, wembe umefika hapa katikati. Nikakuona unautoa ubao, unauweka juani, unaondoka. Nikangoja. Ulipochelewa nikainuka na shuka la kinyozi shingoni, nikavuka uchochoro. Straika yangu, ile ya kupigia kete, ilikuwa mfukoni, na kete mbili tatu. Nikaujaribu. Pembe zote. Nikajua unazipindisha kete wapi. Nikasikia watu wanakuja, nikatoka mbio kwa nyuma, sikuwahi hata kurudi kumaliziwa kichwa."

Nikakumbuka vile vinywele nilivyovipuliza.

Miaka yote nimebeba neno moja la Fundi lililokuwa uongo. Kumbe na la pili. Mzee wa watu aliweka mkono kifuani na maneno yake yote mawili yalikuwa yameshaibiwa, moja nimechukua mimi, moja kachukua yeye, na amekwenda kaburini akijua la kwangu tu.

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Wewe ulisema, ukaona walivyokufanya. Ningethubutu?" Akavuta pumzi. "Sikukununia kwa sababu ulininyima taji. Nilikununia kwa sababu ulisema la kwako, ukaniacha peke yangu na la kwangu."

Kisha akaufunua ubao mpya, akaingia ndani, akarudi na gololi. Akaiweka pembeni. Gololi ikatulia. Akainua macho.

"Hujauanika?"

"Sijauanika. Na wewe, hujaugusa?"

Akauangalia ubao, akaangalia vidole vyake. Akavirudisha mapajani, akawaita wajukuu waje waanze wao.